Tai ya Mbuzi

Itangazwe kote kwamba ndege ya kwanza ya mji wetu imeruka kwa heshima zote. Iliruka hadi shamba la mahindi nyuma ya bweni la shule yetu, ikaanguka, na rubani Mwalugha akafa.

“Pini inayofunga usukani wa mkia haikutolewa,” mkaguzi alimwambia fundi Sekibo. “Kitambaa chekundu cha kumkumbusha rubani kuitoa kiko wapi?”

“Nilikifunga kwenye pini mwenyewe, bwana. Haki ya Mungu.”

“Basi kimeruka chenyewe! Umemuua mwenzio.”

Fundi akakaa chini, akalia.

Ndipo akapita mbuzi wa mwalimu mkuu, kitambaa chekundu shingoni, kimefungwa kwa fundo la tai ya shule.

Wanafunzi wenzangu wote walinigeukia. Hakuna aliyecheka.

“Ni mimi,” nikasema.

Mbuzi aliendelea kutafuna mahindi, tai ikipepea.