Vijiwe Vitatu vya Muhanga

Enzi wanyama walipokuwa na majeshi, Muhanga alikuwa mchimbaji wa kikosi cha Chui. Alipostaafu, hakuna alichokikumbuka kama siku za mahandaki, walipokuwa wakila viazi mwitu yeye na Nungunungu, rafiki yake wa kikosini.

Siku moja Chui, sasa mfalme, alimwita faraghani.

"Mzee wangu, kuna genge linauza majani ya kulevya. Vijana wanaangamia. Nenda kimya kimya ummalize mkubwa wao."

Muhanga akaenda kama aliyerudishiwa ujana. Alipozunguka nyuma ya pango la genge, akasimama ghafla. Mlango wa nyuma ulielekea mawio, na ulikuwa umezibwa kwa vijiwe vitatu. Kikosi chao cha zamani tu ndicho kilichokuwa kikiziba milango hivyo.

"Ingia, Muhanga," sauti ikamwita kutoka ndani. "Bado unahema kama mvuvia moto!"

Alikuwa Nungunungu, mvi tupu. Walicheka mpaka machozi, wakagawana kiazi.

"Ndugu yangu, wewe na majani haya?"

"Chui alinituma nimmalize mkubwa aliyekuwa hapa. Kisha akaniamuru nibaki mahali pake, nimpelekee fungu lake la mauzo. Mwaka huu nimekataa. Ndiyo maana umetumwa."

Muhanga hakuamini, ila alimwacha rafiki yake atoroke. Akarudi kwa Chui.

"Kazi imekwisha, mtukufu."

"Vizuri. Na yale majani, yapo salama?"

Muhanga akainamisha kichwa. Zamani, kila walipotoka vitani, Chui aliuliza kwanza kama wote wamerudi.