Fundo la Mkaja

"Kaza tena, shangazi," alisema Siwema, macho yake kwenye gauni la buluu lililoning'inia msumarini.

Shangazi alikuwa akimfunga mkaja tumboni, kama afungwavyo kila aliyejifungua. Akasita. Mtoto alikuwa akilia kitandani, na bakuli la uji wa pilipili manga lilikuwa halijaguswa.

"Uji hunywi. Hayo maziwa yatatoka wapi?"

"Nitakunywa gauni likinienea."

Shangazi aliufungua mkaja wote, akautandaza kwenye mwanga wa dirisha. Karibu na ncha palikuwa na mikunjo ya zamani, rangi imepauka.

"Mamako alifungia hapa, alipokuzaa wewe."

Siwema hakuwahi kumwona mama yake, hata kwa picha. Akapitisha kidole juu ya mikunjo ile, polepole. Kumbe alikuwa mnene hivi!

"Basi nifunge hapo hapo."

Fundo likakaa penye alama, likamtosha sawasawa. Siwema akampakata mwanawe, akampa ziwa, kisha akaomba bakuli. Alikunywa kwa mkono mmoja. Wa pili ulishika ncha ya mkaja, kama mtoto anayeshika nguo ya mamake asiachwe.