Vibakuli vya Inshirah

"Unanidanganya, Bwana Wagdi," alisema Daktari Nashat, akageuza kioo cha mashine ili Wagdi ajionee mwenyewe.

Wagdi alikuwa amelala chali, shati wazi, tumbo limepakwa jeli ya baridi. Kwenye kioo aliona ukungu mweupe tu.

"Hayo ni mafuta. Ini lako limejaa mafuta kama siku ya kwanza, na uzito umepanda kilo mbili. Wiki tisa, ndugu yangu! Si nilikwambia uache samli, uache vya kukaanga, uache vitamu?"

"Nimeacha vyote, wallahi."

"Ini halisikii viapo. Mafuta haya yasipotoka, hakuna operesheni. Na muda wenyewe unajua tulio nao. Nakupa wiki tatu za mwisho."

Wagdi alitoka hospitali amekosea vifungo vya shati. Mtu mzima wa miaka arobaini na minne, karani wa ofisi ya maji ya Mansura, alisimama kando ya barabara akitaka kulia kwa hasira. Kosa lake ni lipi? Hata kwenye harusi ya mpwa wake alikaa mbele ya bata wa kuchoma akanywa maji, shangazi zake wakamnunia. Alikuwa akivuka barabara ili asipite karibu na duka la kushari, ule wali wa dengu na vitunguu vya kukaanga. Kila jioni alitembea kando ya mto mpaka soli za viatu zikaisha.

Na kazini kulikuwa na Sabri, wa meza ya pili.

"Karibu mkate na maharage, ndugu," Sabri alimwambia kesho yake mchana, mdomo umejaa. "Au leo tena ni chakula cha kasuku?"

Wagdi alifungua kibakuli chake kilichoandikwa "Jumatatu mchana", akala mpaka punje ya mwisho.

Vibakuli hivyo vilikuwa kazi ya mkewe. Kila Ijumaa, Wagdi na binti yao Nihal wakishaenda kuswali na kupita kwa bibi, Inshirah alibaki nyumbani akipika chakula cha wiki nzima. Dengu, mamung'unya, kuku wa kuchemsha asiye na ngozi. Alipika amekaa kwenye kigoda, kwa kuwa siku hizi hakuweza kusimama sana, na hakutaka msaada wa mtu yeyote. Wifi yake alipojipeleka kumenya vitunguu alifukuzwa. "Jikoni kwangu nani kakuita?" Kisha aligawa chakula kwenye vibakuli kumi vya plastiki, akabandika karatasi ya siku na mlo, akavipanga kwenye friza.

Vilikuwa vitamu, hilo Wagdi hakulikana. Alimshukuru Mungu kwa jira na kitunguu saumu, na kwa mke anayejua kuvitumia.

Jioni ile ndipo Inshirah alipomuuliza. "Daktari kasemaje jana? Umerudi hujafungua mdomo."

"Bado. Mafuta yako palepale."

Inshirah aligeukia dirishani. "Alhamdulillah kwa kila hali."

"Alhamdulillah gani, Mama Nihal? Mimi nakwambia sijafaulu!"

"Nimekusikia. Mwili wako umekataa, Baba Nihal. Si kila mwili unakubali. Tuyaache haya."

"Usiniambie tuyaache!" Alipiga meza, glasi ya chai ikaanguka. Nihal, mwenye miaka tisa, alichungulia kutoka chumbani, kisha akafunga mlango polepole. "Wiki tatu nimepewa. Nitakula majani kama ikibidi. Nitalala njaa!"

Inshirah aliinama kuokota vipande vya glasi.

Wiki nzima Wagdi alikula nusu ya kila kibakuli, akashinda tumbo likimnguruma mpaka Sabri mwenyewe akaacha mzaha. Ijumaa asubuhi alipanda mizani. Gramu mia tatu tu ndizo zilizopungua. Aliipiga mizani teke, kidole cha mguu kikavimba.

Baada ya swala alimwacha Nihal kwa bibi yake akarudi nyumbani peke yake, akichechemea. Alitaka kumwambia mkewe apike nusu, wala asitie hata tone la mafuta ya zeituni.

Mlango wa jikoni ulikuwa umerudishwa tu. Akausukuma.

Inshirah alikuwa kwenye kigoda. Vibakuli kumi vilikuwa wazi mbele yake, na mapajani alipakata kopo la samli. Alichota kijiko kilichojaa, akakizamisha kwenye dengu za moto, akakoroga mpaka samli ikapotea. Akahamia kibakuli cha pili.

Wagdi alishika fremu ya mlango. "Inshirah."

Hakushtuka. Alimaliza kukoroga kwanza.

"Tangu lini?" aliuliza Wagdi.

"Tangu wiki ya kwanza."

"Wiki kumi nateseka! Daktari ananiita mwongo! Unajua kabisa bila operesheni ni kifo, umeambiwa na wewe ukiwepo, halafu unanitilia samli kwa mkono wako? Nimekukosea nini mimi?"

"Hujanikosea kitu."

"Basi kwa nini?"

Inshirah alilitua kopo sakafuni, akafuta mikono yake iliyovimba kwenye kanga ya kiunoni.

"Kwa sababu ini linalokufa ni langu, Baba Nihal, si lako," alisema. "Wakikupasua wewe ili wanipe mimi nusu, kisha tukaondoka sote wawili, mtoto atabaki na nani?"