Kiu ya Chura

Alikuwapo Chura aliyepanda mirehani kwenye makopo matatu uani kwake. Jirani yake Mama Njiwa akamwomba majani ya kikuba, kile kishada cha kunukia, cha binti yake, harusi ikiwa baada ya wiki mbili. Chura akavimba kwa fahari. Kila aliposhikwa na kiu, aliikumbuka mirehani yake na kuimwagia maji, na kiu ya chura mnaijua wenyewe.

Majani yakaanza kuwa ya manjano.

"Maskini wanangu, jua linawaua!" akasema Chura, akaongeza ndoo nyingine.

Mara Kuku, mpekuzi wa mtaa, akarukia kopo na kuanza kuchakura.

"We Kuku, shuka! Hata majani ya bibi harusi huyaonei haya?"

"Punguza kelele, jirani. Leo umewanywesha mara ngapi?"

"Mara nne tu. Huoni udongo ulivyokauka?"

"Umekauka juu." Kuku akazamisha kidole chote, akakitoa kimejaa tope. "Huku chini wanazama. Mwenye kiu ni wewe!"

Chura akakodoa macho, kisha akacheka mpaka akaanguka chali.

Kuanzia hapo Kuku alipita kila asubuhi, akachomeka kidole, akatikisa kichwa. Siku ya tano kidole kikatoka kikavu.

"Haya, wape!"

Mirehani ikachipua, na siku ya harusi bibi harusi akanukia mtaa mzima.

Chura yupo mpaka leo. Akishikwa na kiu, hunywa mwenyewe.