Boksi Lisilopanda Lori

Walikuwa wakigombana kwa kunong'ona. Mama alichomoa kopo la samaki ndani ya boksi, akalitupa kwenye rundo la nguo chafu.

"Nani kaliweka?" aliuliza, ingawa jikoni walikuwa wawili tu, yeye na mke wa mwanawe.

"Mimi, mama. Anapenda samaki."

"Anapenda! Na ule mfuniko unaokata kama kisu, nao anaupenda? Nimesema mara ngapi? Hakuna kopo, hakuna chupa, hakuna wembe!"

"Wenzake wanapelekewa vyote hivyo."

"Wenzake wana mama zao."

Mkwe alikuwa mwanamke mpole, ila upole wake siku hizi ulikuwa umebaki kidogo, kama sukari ya mwisho wa mwezi. Akatazama vilivyobaki mezani: biskuti, karanga, soksi nene, sabuni, fulana mbili. Akavuta pumzi.

"Mwaka huu tusipeleke."

Mama aliacha kukunja fulana. "Umesemaje?"

"Tusipeleke, mama. Kila sikukuu boksi, kila sikukuu boksi. Yeye huko anakula, sisi hapa tunakodoa macho. Labda asipoliona atakumbuka kwamba ana nyumba. Ana mke. Labda atakuja."

"Na asipokumbuka? Ashinde njaa sikukuu nzima? Wewe utaweza kumeza?"

Machozi ya mkwe yalikuwa karibu, lakini hasira iliwahi mlangoni ikayazuia. Mwanamke huyu alikuwa ameolewa na mtu, si na boksi.

Honi ya lori ikalia nje. Wote wawili wakaruka. Mama alitoka mbio, kanga ikimponyoka, akimpungia dereva mikono yote miwili. "Zima! Zima hiyo honi, wewe! Umeambiwa sisi viziwi?"

Dereva akazima. Katibu wa kamati ya mtaa akashuka, tumbo mbele, fulana yake mpya ikiwa na picha ya askari kifuani. Lori lilikuwa limejaa maboksi ya vijana walioko vitani ng'ambo. Mkononi alishika fungu la maputo. Akaingia hadi jikoni bila kukaribishwa, Mama akimfuata.

"Mama wa shujaa wetu! Boksi liko tayari? Tunakwenda moja kwa moja uwanja wa ndege."

"La kwangu nalipeleka mwenyewe."

Katibu akacheka. "Mwenyewe? Umenunua ndege lini, mama, hata majirani hatujaalikwa?"

Mama hakucheka.

"Haya, basi weka hata puto. Kila boksi tunatia puto, rangi za bendera. Vijana wanayapuliza, wanachangamka." Akatia moja mdomoni, akaanza kulipuliza. Likavimba, likang'aa, likakaribia ukubwa wa kichwa chake.

Mkwe alilinyakua. Akalibana kwa vidole viwili na kulitoa pumzi polepole, polepole, hadi likanywea.

"Humu ndani hapana," alisema. "Tafadhali."

Katibu alimtazama, kisha akamtazama Mama. Akakuna kidevu. "Hivi yeye hayuko kile kikosi cha kwanza? Mbona nilidhani walisharudi?"

"Wengine walirudi," Mama alisema.

"Ah. Poleni sana." Katibu alishusha sauti, kisha akaipandisha tena, kama mtu aliyekumbuka hotuba. "Lakini msihofu. Taifa zima liko nyuma yenu!"

Hapo Mama alimsogelea hadi pumzi zao zikakutana. Sauti yake haikupanda.

"Nikutegee kitendawili?"

"Tega, mama."

"Siku ya kuondoka alikuwepo. Akapiga ngoma, akapiga makofi, akapiga picha. Siku ya kurudi hakuonekana. Mpaka leo hajagonga mlango kuuliza mmeamkaje. Nani huyo?"

Katibu alifikiri. "Nakupa mji."

"Mji siutaki, kaa nao. Jibu utaliona kwenye kioo cha lori lenu. Nenda ukajitazame."

Katibu alikusanya maputo yake. Akatoka. Lori likaondoka bila honi.

Mama alikaa chini. Alimchukia yule katibu na fulana yake. Aliwachukia waliomchukua kijana mcheshi, fundi wa baiskeli, asiyeweza kumpita mtu bila kumtania, na hawakumuuliza mama yake kitu. Zaidi ya wote aliichukia sikukuu, kwa sababu ilikuja kila mwaka na uso uleule wa furaha, kama mgeni asiyejua kuna msiba.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, "nimechoka kama wewe. Lakini akila chetu, bado ni wetu. Nisaidie."

Mkwe alifuta uso. Kisha akapanga vitu ndani ya boksi, akachukua utepe wa gundi, akalifunga pande zote, akalikaza kwa kamba.

"Andika na jina la kambi," Mama alisema. "Bila hilo hapokei."

Mkwe akaandika, kwa herufi kubwa, wino ukichimba karatasi kwa hasira.

Mama alijitwisha boksi. Akavua viatu, akatoka kwa mlango wa nyuma, akavuka ua hadi kwenye chumba cha uani, kile ambacho dirisha lake limezibwa kwa magodoro. Akagonga kidogo kwa kucha.

"Mzigo kutoka nyumbani, afande."

Ndani, buti zilisogea sakafuni.

"Weka chini," ilijibu sauti ya mwanawe. "Rudi nyuma. Mikono juu."

Mama akaweka boksi chini, akarudi nyuma, akainua mikono.