Nyanya za Kwenye Ndoo

Bi Pilipili aliramba udongo, akatema. Akachota mwingine kutoka tuta la pili, la pilipili hoho, akaramba tena. Chumvi. Chumvi ya jikoni, iliyomwagwa na mtu mwenye mikono miwili na akili zake timamu.

Wiki nzima mama yake alikuwa akimwambia ni mnyauko, ule ugonjwa unaokaa udongoni na kuua nyanya zingali mbichi. Asubuhi hiyo Bi Pilipili alikata shina moja, akatumbukiza ncha yake kwenye glasi ya maji safi. Shina lenye mnyauko hutoa uzi mweupe kama maziwa. Alisubiri mpaka chai yake ikapoa. Maji yalibaki vilevile.

Aliinuka, akatazama barazani. Mumewe, fundi seremala, alikuwa akipiga randa huku akipiga mluzi kama mtu asiye na deni na Mungu.

Walikaa watatu katika nyumba ile, yeye, mumewe na mama yake. Nyumba ilikuwa ya mama. Lakini kipande cha nyuma marehemu baba alikitolea neno mbele ya wote: ni cha binti, maadamu anakipanda. Na alikipanda hasa. Jina la Bi Pilipili alipewa na mumewe siku za uchumba. Alisema alianza kuonja ukali, utamu akaukuta mbele ya safari.

Huyohuyo mume, mwaka jana, alisimama katikati ya matuta, akavuta futi kamba na kusema, "Karakana yangu ingekaa hapa kama imezaliwa." Wakacheka wote wawili. Leo hakuona kilichowachekesha.

Alimkuta mama yake jikoni akichambua maharage.

"Mama, si ugonjwa. Ni chumvi."

Mikono ya mama ilisimama. "Ndiyo maana kila nikipika chumvi siioni!" Kisha akashusha sauti. "Mimi simtaji mtu. Ila kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Nilikwambia zamani uhamie kwenye ndoo. Nyanya ya ndoo unaichuma umeketi, unaihamisha ikifuata jua, na udongo unauchagua mwenyewe."

Ndoo zenyewe zilikuwa tayari. Kaka yake, mwashi, alizileta tupu kutoka kazini, za rangi, kwa kuombwa na mama, na mama mwenyewe akazitoboa matundu chini kwa msumari wa moto. Fundi ndiye aliyezipinga. "Ndoo ni chumba cha kupanga," alisema. "Mzizi unataka pa kunyoosha miguu."

Bi Pilipili alitoka hadi barazani, akasimama juu ya maranda.

"Umenitilia chumvi kwenye matuta."

Randa ilinyamaza. "Mimi?"

"Nani mwingine alipapima?"

"Nilipima, nikacheka, ukacheka! Mke wangu, mboga za pale si ndizo ninazokula? Nitie chumvi mlo wangu mwenyewe, nimerogwa?"

"Ungeniomba!" Machozi yalimtoka, na aliyachukia. "Ungesema nataka karakana, ningekupa tuta moja kwa mikono miwili. Umeniulia yote kimyakimya, halafu unakula nami sahani moja."

Fundi aligeuka kumtazama mkwewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo wake. Miaka yote mama yule alimwita mwanangu. "Mama, hebu nisemee wewe."

"Ya mke na mume mimi siyaingilii, baba," alijibu mama, macho kwenye maharage.

"Ondoka," Bi Pilipili alisema.

Fundi alikusanya randa, misumeno na nyundo, akafunga mkoba. Langoni aligeuka. "Usihamie kwenye ndoo. Mwagilia maji mengi, tena na tena, chumvi itashuka chini. Matuta yatapona."

Bi Pilipili akaona ni kiburi. Mtu amekuchoma kisu, halafu anakufundisha kufunga kidonda! Alibamiza lango.

Kesho yake, yeye na mama yake walihamisha. Miche michache iliyopona, nyanya na hoho, waliing'oa na mizizi yake, wakaipanda kwenye udongo mpya uliochanganywa na samadi. Mama alifanya kazi kwa bidii ambayo hakuwa nayo tangu afiwe. Alishika miche, akapanga ndoo pale palipokuwa na meza ya fundi, akarudi nyuma kuona kama zimenyooka. Bi Pilipili alikuwa akilia tu. Aliona heri angeibiwa na mwizi wa barabarani, asiyemjua hata jina.

"Nyamaza," mama alisema, akamfuta machozi kwa kitambaa chake cha kichwani. "Waume wanakuja na kuondoka. Mama ni mmoja."

Akajilaza begani mwa mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu jana akapumua vizuri.

Walipomaliza ndoo ya mwisho, lori lilirudi kinyumenyume hadi langoni. Kaka yake aliruka chini, akamkumbatia, akapita moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba na kuanza kupima kwa hatua juu ya matuta. Vijana wawili walikuwa tayari wanashusha matofali.

"Kaka, haya matofali ni ya nini?"

"Ya nyumba yangu. Mbona unaduwaa, dada, kwani mama hajakwambia? Aliniahidi kipande hiki hata kabla hujapanda msimu huu: matuta yakishakufa na wewe ukahamia kwenye ndoo, nilete matofali."