Kinyonga Aliyejua Kila Kitu

Kaeni mkao wa kusikia, na mwenye mshahara mnono asogee nyuma. Fisi alikuwa anatafuta waandishi wa programu za kompyuta, naye Kinyonga akaenda kwenye usaili na rangi zake zote.

"Programu za simu unaziweza?" Fisi akauliza.

Kinyonga akageuka kijani. "Ndiyo maisha yangu, bosi!"

"Na tovuti?"

Akageuka njano kabla swali halijaisha. "Nimezaliwa nazo!"

Aliyemfuata ni mzee Kakakuona. Kila alichoulizwa alijibu, "Sikijui." Alijua ulinzi wa mifumo tu, kazi aliyoifanya tangu ujana. Fisi, ambaye kwa kuwa mwizi aliwaogopa sana wezi, akasimama kumpa kiti. Kinyonga akacheka dirishani hadi mkia ukajikunjua.

Wote wawili waliajiriwa. Mwisho wa mwezi Kinyonga, macho mekundu kwa kukesha, akasikia Kakakuona analipwa mara tatu yake.

"Mzee, mimi najua kila kitu! Wewe ulishinda ukisema hujui!"

"Kweli, mwanangu," akasema Kakakuona, akivaa kofia aende zake nyumbani mapema. "Na kila nilichosema sikijui, ulipewa wewe."

Kinyonga akageuka kijivu, akarudi kwenye kazi zake zote.